Nilimpiga mdogo wangu kibao kwa sababu aliitikia shikamoo ya Bibi

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Ninayoyaandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Kariakoo. Mengine sipendi kuyaandika kwa sababu mkosaji ni mimi, lakini sijapunguza kitu wala sijaongeza. Majina ya watu nimeyabadilisha, na langu hamlihitaji.

Kazi yangu ni kuuza vifaa vya ushonaji. Zipu, vifungo, lastiki, sindano, uzi. Najua kuna mtu atasema muuza uzi naye kaleta uzi. Haya, mcheke sasa hivi, maana huko mbele sidhani kama mtacheka sana.

Kwetu tumezaliwa watatu. Mimi wa kwanza, sasa nina miaka ishirini na tisa. Wa pili ni Hamisi, yuko Tunduma kwenye malori, huyu simtaji tena. Wa mwisho ni Hawa, ana miaka kumi na sita.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikiwa kidato cha pili na Hawa hata kutembea vizuri hajui. Nikaacha shule. Hakuna aliyeniambia niache, niliona tu hesabu yenyewe haikubali. Tukahamia kwa Bibi, mama yake mama, kwenye vyumba viwili vya kupanga upande wa Msimbazi. Tupo hapo hadi leo.

Bibi ni mtu wa Lindi. Alikuja mjini zamani sana na cherehani, na cherehani ndiyo iliyotulea. Alikuwa na sehemu yake kwenye baraza la duka moja la vitambaa kule Mchafukoge. Alikuwa fundi kwelikweli. Anakutazama mara moja tu kutoka juu hadi chini, anakata kitambaa, na gauni linakukaa. Utepe wa kupimia alikuwa anauvaa shingoni kama mkufu.

Sasa kuna jambo moja naomba mlishike, kwa sababu kila kitu kinakuja kuzunguka hapo.

Hawa jina lake kamili ni Mwanahawa. Ni jina la mama yake Bibi. Kwa hiyo Bibi hajawahi kumwita mdogo wangu Hawa hata siku moja. Tangu yuko mgongoni alikuwa anamwita "mama". Mama njoo ule. Mama niletee kanga yangu. Mama umeoga? Wenye desturi hizi mnaelewa, mtoto akibeba jina la mama yako unamwita mama, na wala hakuna anayeshangaa.

Shikeni hapo.

Miaka kama mitatu nyuma Bibi akaanza kukosea kazi. Kwanza vitu vidogo, zipu imegeuzwa, mkono wa kushoto umekaa kulia. Nikasema ni macho. Nikampeleka akapimwa, akapewa miwani.

Halafu kuna mama mmoja alirudisha gauni lake la sherehe. Bibi alikuwa ameshona vizuri sana, mistari imenyooka, lakini shingo ameifunga yote. Hakuna pa kupitisha kichwa.

Yule mama alicheka tu. Akasema, "Bibi, hili nivae au niwekee mchele?"

Bibi naye akacheka. Mimi nikacheka. Jioni nikaenda kuichukua cherehani nikaileta nyumbani, na watu wa barazani nikawaambia Bibi anapumzika, umri umeenda. Sikumwambia mtu kuhusu lile gauni. Nilikuwa namsitiri. Hilo neno nalikumbuka vizuri, kwa sababu ndilo nililokuwa najisemea moyoni: mzee wangu namsitiri.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Mimi saa moja asubuhi nishafungua duka, narudi giza limeingia. Hawa anaamka mapema, anamwogesha Bibi, anampa chai, ndipo anaenda shule. Mchana jirani yetu Mama Shukuru anamwangalia kidogo. Hawa akirudi anaendelea na Bibi mpaka mimi nifike. Nilijiona nimepanga vizuri. Na nilijiona mimi ndiye ninayebeba mzigo.

Kilichotudanganya wote ni salamu.

Wakuu, Bibi alikuwa anaweza kusahau kama amekula dakika tano zilizopita, lakini ukimwamkia shikamoo alikuwa anaitikia kwa ukamilifu wake. "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo? Mama yako anaendeleaje?" Hata kama hakujui kabisa. Mtu anaondoka anasema Bibi yenu yuko imara jamani, anamkumbuka hadi mama yangu. Kumbe hamkumbuki mama wa mtu yeyote. Ni ulimi tu, umeizoea njia.

Basi mwaka jana mjumbe wetu akapita na watu wa utafiti. Walikuwa wanatoka chuo fulani, wanaulizia mambo ya kumbukumbu kwa wazee, na pia afya ya akili kwa vijana wanaoishi na wazee hao. Kwetu alikuja dada mmoja na tableti yake, jioni moja niliyowahi kufunga duka. Nitamwita Edna.

Akakaa kwenye kiti, Bibi kwenye mkeka. Mimi nikakaa nyuma ya Edna, karibu na dirisha. Hawa alikuwa mlangoni na beseni la nguo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula? Mbona umekonda hivyo, mumeo hakupi chakula?"

Edna akacheka mpaka akaweka tableti chini. Bibi ameshamshika tayari.

Akaanza maswali. Bibi, leo ni siku gani?

Bibi akanitazama. Nikachezesha midomo bila sauti: Jumatano.

Hakunielewa. Lakini fundi hakosi dawa. Akamwambia Edna, "Umetoka kwenu na begi lote hilo, hujui leo siku gani? Nani aliyekutuma?"

Tukacheka tena wote. Nikadakia, "Leo Jumatano Bibi, si umeniambia asubuhi mwenyewe?" Hakuwa ameniambia kitu. Edna akaandika.

Kabla ya hapo alikuwa amemtajia vitu vitatu avishike kichwani. Kijiko, ngazi, pazia. Baada ya muda akamwuliza, Bibi, vile vitu vyangu vitatu viko wapi? Mimi pale dirishani nikalishika pazia nikalitikisa.

"Pazia," Bibi akasema. "Hivyo vingine tafuta mwenyewe, mimi si mtunza stoo wako."

Hawa akasema kutoka mlangoni, taratibu tu, "Dada, kwa nini unamsaidia?"

Nikamkata jicho. Mnajua lile jicho la mkubwa mbele ya wageni. Akasema, "Basi." Akainama kwenye beseni.

Edna alikuwa amesikia. Aligeuka akanitazama, akatazama pazia. Akaendelea mpaka mwisho. Halafu akaniambia kuna sehemu ya pili, ya kijana. Kwa kuwa Hawa hajafika miaka kumi na minane, anahitaji mlezi akubali, kisha yeye ataongea naye faragha, wawili tu.

Faragha. Hilo neno lilinikaa vibaya. Mtoto ana jambo gani la faragha na mgeni?

Nikasema, "Huyu yuko poa tu, dada. Anasoma. Hana mawazo."

Edna akasema, "Ningependa aniambie mwenyewe."

"Mawazo ya nini sasa, kwani ana mume?"

Hata mjumbe aliyemleta alicheka. Hawa naye alicheka kidogo. Hiyo nusu ya kicheko ndiyo inayonirudia kila siku nikiwa dukani hakuna mteja. Alicheka kama mtu aliyekuwa amenyoosha mkono kuomba kitu, mlango ukafungwa, akajifanya alikuwa anajinyoosha tu.

Edna hakulazimisha. Aliniachia karatasi yenye namba, akasema nikiona mabadiliko yoyote kwa Bibi au kwa mdogo wangu nipige. Kesho yake dukani nikaitumbukiza kwenye kopo la vifungo vya koti, vile ambavyo hakuna anayenunua.

Sasa nije kwenye kibao.

Ilikuwa Jumamosi, miezi kama miwili baadaye. Nilikuwa nimesahau boksi la zipu nyumbani, nikarudi kama saa tatu asubuhi. Nimefika koridoni nikasikia sauti ya Bibi chumbani, nyembamba, ya adabu:

"Shikamoo."

Na sauti ya mdogo wangu, nzito, ya mtu mzima kabisa:

"Marahaba. Umeamkaje?"

Wakuu, mimi nimelelewa kwa adabu. Nyumbani kwetu hata kama mzee amekukosea, unamwamkia kwanza ndipo unanuna. Shikamoo ya Bibi kwenda kwa mtoto wa miaka kumi na sita! Na mtoto anaipokea!

Nikaingia. Bibi amekaa kwenye mkeka kichwa ameinamisha, Hawa amekaa kwenye ukingo wa kitanda juu yake, anamchana nywele. Sikuuliza. Nilimpiga kibao mpaka kitana kikaruka.

Mama Shukuru alichungulia, nikamweleza kwa sauti ili na wapangaji wengine wasikie. Akapiga mikono. "Heee! Kaota mapembe huyu. Anamfanya bibi yake mtoto mwenzie?"

Bibi akaanza kulia. Alinishika mguu, akawa anasema, "Usimpige mama. Usimpige mama."

Nilisikia kama nilivyozoea kusikia miaka yote. Nikaona mzee anamtetea mjukuu wake aliyemdharau. Hasira zikazidi.

Hawa hakulia. Alisema, "Dada, naomba nikueleze."

Nikasema, "Ueleze nini? Nimesikia kwa masikio yangu. Kuanzia leo, kila asubuhi, wewe ndiye unampigia Bibi magoti unamwamkia. Nikisikia tena ule upuuzi utatoka humu ndani."

Akasema, "Sawa."

Nikachukua zipu zangu nikarudi dukani. Na niwe mkweli, nilirudi najisikia vizuri. Nilijiona nimelea.

Baada ya hapo nyumba ikabadilika, na mimi sikuunganisha chochote.

Bibi akaanza kukataa kuoga. Akawa anakataa chai, anatupa kikombe. Akawa anasimama mlangoni tangu asubuhi anataka kutoka. Ukimwuliza unakwenda wapi, anasema "kwa mama". Nikawa namwambia, "Mama si huyu hapa?" namwonyesha Hawa, nikidhani natania. Hawa anainama.

Hawa mwenyewe akawa hasemi. Ukimwuliza umeshindaje, "poa". Umekula, "ndiyo". Chakula nakikuta kwenye sufuria kama nilivyokiacha. Alikuwa anapenda kusuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo, akaacha, akawa anafunga kitambaa tu. Nikasema ni umri. Wasichana wa siku hizi wana mambo.

Halafu mwalimu wake akanipigia simu dukani. Mdogo wako anaumwa nini? Wiki ya tatu hii hajaonekana shuleni.

Wiki tatu! Na kila asubuhi namwacha amevaa sare.

Nikajua ni mwanaume. Sikuwaza kitu kingine hata kidogo. Nikamnyang'anya simu, nikaipekua usiku mzima, sikukuta kitu. Nikasema huyu ni mjanja, anafuta. Nilipomwuliza shule huendi, unakwenda wapi, alinitazama tu. Nikamtukana. Maneno yenyewe siwezi kuyaandika hapa.

Siku mbili baadaye, mchana, mteja wangu mmoja akaniambia, "Mdogo wako nimemwona Mchafukoge na sare yake. Kajikunyata kwenye baraza la mafundi."

Sikufunga hata duka, nilimwachia jirani. Njiani nimejifunga kanga kiunoni, nimevua hereni nimezitia mfukoni. Nilikuwa nakwenda kupigana na huyo mwanaume, nampangia maneno kabisa. Watu wa mikokoteni wananipisha wenyewe.

Nikafika. Ni lile baraza la zamani la Bibi.

Fundi aliyechukua nafasi yake anashona. Chini, kando ya miguu ya fundi, amekaa Bibi, anaokota vipande vya kitambaa anavipanga kwa rangi. Hawa amechuchumaa mbele yake kwenye jua, amemshikilia upindo wa kanga asiondoke. Mkono mwingine ana mkate, anammegea.

Hakukuwa na mwanaume yeyote.

Hawa aliniona. Wakuu, alichofanya ni kuweka kiganja kwenye shavu lake. Lile lile la Jumamosi ile. Alijikinga.

Nilisimama pale nimejifunga kanga kama bondia, sina wa kumpiga.

Fundi akasema, "Afadhali umekuja dada. Mtoto huyu namwonea huruma. Kila siku bibi anatoroka anakuja hapa, na yeye anamfuata nyuma. Nimemwambia nimpigie dada yake, anakataa."

Nikamwuliza Hawa, "Kwa nini hukuniambia?"

Alimmegea Bibi kipande kingine cha mkate. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

"Dada, nimechoka kuwa mama yake."

Nilitaka kusema lakini wewe ndiye mama siku zote, ndivyo anavyokuita. Hapo ndipo yakaniingia yote kwa mkupuo.

Hawa alinieleza pale pale barazani, cherehani ikiwa inanguruma. Kwamba siku nyingi, hata kabla ya Edna kuja, "mama" ya Bibi iliacha kuwa ya utani wa jina. Bibi alikuwa akiamka hajui yuko wapi, anaogopa, anatetemeka, anadhani yeye ni binti mdogo kule Lindi na amepotea. Akimwona Hawa anatulia, anasema mama umekuja. Halafu anamwamkia, kama binti anavyomwamkia mama yake. Hawa asipoitikia, Bibi analia anauliza mama umenikasirikia nini. Akiitikia marahaba, Bibi anaoga, anakunywa chai, siku inakwenda.

Kwa hiyo Hawa akawa anaitikia. Kila asubuhi, kabla hajaenda shule kufanya hesabu.

Na mimi nikamwamuru ampigie Bibi magoti. Hebu fikirieni. Bibi anaamka na hofu yake, anamwona mama yake mzazi anampigia magoti na kumwambia yeye shikamoo. Ndiyo maana alikuwa anatoka mbio kwenda kumtafuta mama mwingine. Na Hawa akawa anamfuata badala ya kwenda shule, Mama Shukuru akidhani nimemruhusu mwenyewe.

Nikamwuliza, "Hawa, kwa nini uliendelea kufanya nilivyosema?"

"Uliniambia nitatoka humu ndani. Bibi angebaki na nani?"

Tulimpeleka Bibi nyumbani tumemshika huku na huku. Jioni ile nilimwaga kopo zima la vifungo sakafuni pale dukani nikaipata karatasi.

Edna alikuja siku ya pili yake. Nilimwambia ukweli wote, la gauni, la Jumatano, la pazia, la kibao. Nilitegemea anigombeze. Alisema, "La pazia nililiona. Kosa langu ni kwamba nilicheka na nyie nikaondoka." Akasema nyumba nyingi wanafanya hivyo, kwa mapenzi tu, mzee anaulizwa, familia nzima inafanya mtihani. Siku hizi akiingia mahali anatazama kwanza mjukuu amekaa wapi.

Nikamwuliza yale majibu yetu ya kwanza atayafanya nini. Akasema ataandika kwamba hayafai. Mimi nilifikiria kwamba miezi yote ile, kwenye makaratasi yao, Bibi yangu alikuwa mzima na mdogo wangu hakuwepo kabisa.

Kisha nikamweleza habari ya marahaba, na hapo ndipo aliponimaliza. Alisema, "Alichokuwa anafanya mdogo wako ndicho tunachohangaika kuwafundisha watu wazima. Mzee wa namna hii habishiwi. Anafuatwa alipo. Huyu mtoto alikijua bila kufundishwa, ila hakuna aliyekuwa anamfuata yeye alipo."

Safari hii nilikubali faragha. Walikaa chumbani wawili, mlango umefungwa. Mimi nilikaa koridoni na Bibi. Mama Shukuru akapita akasema, "Mmh, siri gani hizo za mtoto?" Nikamwambia, "Zake." Akaenda zake.

Walikaa muda mrefu sana. Sijui Hawa alisema nini na sijauliza. Edna alinipa jambo moja tu ambalo Hawa aliruhusu nilijue: kwamba kulikuwa na asubuhi nyingi alitamani asiamke.

Mimi nilikuwa nalala chumba cha pili. Ukuta mmoja.

Edna si wa kutibu, lakini alituandikia pa kwenda. Bibi alipimwa hospitali, tukaambiwa ni dementia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwamba si uzee wa kawaida, si uchawi, si macho. Hauponi, ila kuna namna ya kuishi nao. Hawa alionwa na dokta wa vijana. Neno walilotumia ni sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa. Nilikuwa nalisikia redioni nikidhani ni la watu wenye nafasi. Anaenda kuongea na mshauri kila Ijumaa. Anarudia kidato cha tatu. Asubuhi Bibi namwogesha mimi, duka nafungua saa nne, wateja wa mapema wamehama na waende salama.

Nilimwomba Hawa msamaha. Alisema, "Nimeshakusamehe Dada." Alisema kwa sauti ile ile anayosemea poa. Kwa hiyo bado nasubiri, na simharakishi. Nikinyanyua mkono ghafla, hata kama nachukua chumvi juu ya kabati, bado anapepesa. Hilo sijui litaisha lini.

Ninachojutia zaidi si kibao peke yake. Ni kwamba aliniambia mara mbili. Mara ya kwanza mlangoni na beseni: Dada, kwa nini unamsaidia? Mara ya pili shavu likiwa bado la moto: Dada, naomba nikueleze. Mara zote mbili nilikuwa nalinda heshima ya nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa mgongoni kwa yule mtoto.

Kwa hiyo wenye wazee nyumbani, nasema haya kama mtu aliyeyakosea. Mzee akiulizwa na wataalamu, mwacheni ajibu mwenyewe, hata kama jibu linauma. Kumsitiri ni kumfunika asipigwe na baridi, mimi nilimfunika mpaka wanaotaka kumsaidia hawakumwona. Na yule kijana anayebaki naye mchana kutwa, akisema poa, vuta kiti. Muulize tena. Ukishindwa kumwuliza wewe, mruhusu mtu mwingine amwulize mlango ukiwa umefungwa. Hataiba siri zako.

Nimalizie na juzi.

Nilikuwa namvalisha Bibi gauni. Hawa yuko kwenye kizingiti anafunga kamba za viatu. Bibi akanitazama mimi, siyo Hawa, mimi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Sikuwahi kujiandaa. Miaka yote nimemwamkia huyu mtu. Nilisema haraka haraka kama mtu aliyekanyaga moto, "Marahaba."

Bibi akakunja uso. Hakuridhika.

Hawa akasema bila kuinua kichwa, "Siyo hivyo Dada. Mama yake hakuwa na haraka. Muulize na ameamkaje."

Nikavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama," Bibi akasema, akanyoosha mkono wake wa kwanza kwenye gauni.

Nikageuka mlangoni. Nikasema, "Na wewe Hawa? Umeamkaje?"

Alimaliza kufunga kiatu cha kwanza. Akaanza cha pili.

"Leo sijaamka vizuri," akasema.

Wakuu, nimesikia poa nyingi sana katika maisha yangu. Hakuna iliyonifurahisha kama hiyo sijaamka vizuri. Nikamwacha Bibi na mkono mmoja nje ya gauni, nikaenda kukaa naye kizingitini. Akachelewa shule, nami nikachelewa duka.

Aliyepitia kama haya aandike chini, hasa nyie mliokuwa wadogo nyumbani mkalea wazee na hakuna aliyewauliza. Na wa kunisema vibaya waniseme tu, nipo, nitasoma yote.